SHA inaniona tajiri kwa sababu ya nyumba ya marehemu

SWALI: Habari mshauri. Mimi ni mjane wa miaka 46, nakaa Manyatta hapa Kisumu na nauza samaki wa kukaanga pale Kondele. Mwezi ukiwa mzuri, nikitoa pesa ya samaki, mafuta na kuni, nabaki na 12,000. Watoto ni wanne, wawili wako sekondari, na nalea wajukuu wawili wa dada yangu. Nyumba niliyoachiwa na marehemu ni ya mawe, ina vigae na stima. Nilipojisajili SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, niliulizwa maswali ya nyumba, kisha nikaambiwa nilipe 800 kwa mwezi, tena mwaka mzima kwa mkupuo. Jirani yangu mwenye ploti tatu za kukodisha analipa 300! Mama mkwe wangu ana miaka 73, yuko Butere, ana kisukari. Alilazwa siku kumi na moja kwa kidonda cha mguu, tukauza ng'ombe na kuchangisha. Nasikia serikali inalipia wasiojiweza. Je, mimi na mama tunafuzu? Na nikiacha kulipa hiyo 800 itakuwaje? – Mama Samaki, Kondele

JIBU: Mama Samaki, pole kwa ng'ombe. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini huku magharibi kwa miaka mingi, na ningepewa shilingi kwa kila ng'ombe aliyeuzwa kabla mwenyewe hajauliza swali hata moja, ningekuwa na boma langu.

Nikujibu kwanza kwa ufupi. Wewe mwenyewe, kwa hali uliyoieleza, sikuoni ukiingia kwenye orodha ya wanaolipiwa na serikali. Mama mkwe wako ana nafasi kubwa kuliko wewe, mradi asisajiliwe vibaya. Na hiyo 800 haikuandikwa kwenye jiwe. Unaweza kuomba upimwe upya, na nadhani ukipimwa vizuri itashuka.

Sasa tukae tupige hesabu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, ambayo kwayo SHA ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, inataka kila kaya itoe asilimia 2.75 ya mapato yake, na isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mwalimu na polisi hawaulizwi kitu, wanakatwa kabla mshahara haujawafikia. Wewe hujaandikwa na mtu. Katika nchi hii zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi wako kama wewe: wa boda, wa mtumba, wa jua kali, wa vibarua vya shamba. Hakuna karatasi inayoonyesha wanapata nini. Basi serikali ikatafuta namna ya kukisia, na kisio hicho ndicho kinachoitwa tathmini ya uwezo.

Tathmini haikuangalia mfuko wako hata kidogo. Iliangalia nyumba. Paa ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu je? Choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mnawasha taa gani, mko wangapi, mkubwa wa nyumba alisoma hadi wapi, mna vyombo gani. Majibu yakaingizwa kwenye fomula iliyotokana na takwimu za matumizi ya kaya nchini, na fomula ikasema: watu wanaoishi kwenye nyumba kama hii kwa kawaida wana uwezo wa kiasi fulani. Ukitaka kujua ilikuweka wapi, chukua 800 uirudishe nyuma kwa asilimia 2.75. Utapata kama 29,000 kwa mwezi. Yaani mashine inaamini kila mwezi unashika 29,000, na wewe unashika 12,000. Kwa mapato yako halisi ungetakiwa kutoa 330 kwa mwezi, au 3,960 kwa mwaka. Sasa unadaiwa 9,600.

Hapa ndipo mjane huumia kuliko mtu mwingine yeyote, na sijasikia ikisemwa vya kutosha. Nyumba ni kumbukumbu ya mshahara uliokwisha. Marehemu alipokuwa hai vigae vilikuwa dalili ya kipato. Yeye akaondoka, vigae vikabaki. Fomula inaona vigae, haioni kaburi. Ndivyo ilivyo pia kwa mstaafu mwenye nyumba nzuri na pensheni ya kununulia chumvi, na kwa mzee aliyejengewa na mtoto aliyekuwa kazini Mombasa kisha akafutwa. Kwa upande wa pili kuna mtu wa ploti tatu, pengine amejisajili kwa nyumba ya mabati iliyoko kwao kijijini, au ameamua tu kujibu anavyotaka. Huyo jirani mwache. Kumripoti hakutapunguza senti kwako, na mtagombana bure kwa sababu ya kisima kimoja.

Fanya hivi. Nenda ofisi ya SHA ya kaunti au dawati lao pale Huduma Centre, kile kituo cha huduma za serikali, useme unataka kupimwa upya kwa kuwa hali ya kaya haikuandikwa sawasawa. Unaweza pia kuangalia taarifa zako kupitia *147#, lakini kwa kesi kama yako ningependa uende kwa miguu yako, uzungumze na mtu. Beba kitambulisho, cheti cha kifo cha marehemu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Cheti cha kifo usikisahau. Nimeona kaya ambazo mume amefariki miaka mitatu nyuma, bado anahesabiwa kwenye mfumo kama mtu mwenye kazi.

Ukifika kwenye maswali, jibu kwa utulivu na usikimbie. Watu wengi hujibu kama vile wageni wamekuja nyumbani: wanaonyesha sebule. Ukiulizwa mnapikia nini, swali ni mnachotumia zaidi. Kama mtungi wa gesi umekaa mtupu tangu Krismasi na chakula cha kila siku ni cha makaa, jibu ni makaa. Ukiulizwa mko wangapi, wale wajukuu wa dada yako wanaolala kwako na kula kwako wataje, usiwaache nje kwa kuwa hukuwazaa. Namna watakavyoandikwa itaamuliwa na ofisa, kazi yako ni kumwambia wapo. Kama bomba lipo ukutani lakini maji mnanunua kwa mkokoteni kwa jerikeni, useme hivyo. Kila jibu kama hilo hubadilisha hesabu.

Lakini usidanganye. Kwanza, kutoa taarifa za uongo ni kosa chini ya sheria hiyohiyo. Pili, na hili ni la kibinadamu tu, mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani kwenu anaijua nyumba yako. Ukisema ni ya udongo atacheka, halafu hata yale ya kweli hayataaminika tena.

Kuhusu kulipiwa na serikali. Sheria inataja watu wasiojiweza na walio katika mazingira magumu, na inasema mchango wao utatoka kwa serikali. Oktoba 2025 ndipo mpango huo ulipozinduliwa rasmi, awamu ya kwanza ikilenga watu milioni 2.2. Inasikika kama idadi kubwa mpaka ukumbuke sisi ni zaidi ya milioni 50, kisha utembee mitaa yenu kutoka Obunga hadi Nyalenda uniambie ni nani pale hahitaji. Kwa hiyo wanaanza na wa chini kabisa: wale ambao tathmini yenyewe imewaweka mwisho wa foleni, na watu wa mtaa wakathibitisha. Wewe tathmini imekuweka juu. Hata ukishushwa hadi 330, bado uko juu ya kiwango cha chini. Ndiyo maana nimekuambia sikuoni humo.

Najua jibu hilo linauma, maana kuna watu ambao neno "maskini" haliwakubali na neno "anajiweza" haliwakubali pia. Kwenye ofisi yangu hao ndio waliokuwa wengi. Maskini wa kutupwa alikuja na barua ya chifu, tajiri hakuja kabisa. Aliyekuja akikunja leso mikononi, hajui aanzie wapi, ni muuza samaki, fundi wa baiskeli, mwalimu wa chekechea. Nakumbuka mzee mmoja aliyeitwa mbele ya kamati ya msamaha wa bili akaja na suti yake ya harusi, kwa heshima tu, kwa vile kwao huwezi kwenda mbele ya wakubwa ukiwa umevaa gambuti. Kamati ikaitazama ile suti. Sikufanikiwa kuwatoa macho kwenye suti ile. Wiki hiyohiyo kijana mwingine alikuja na shati lililochanika, na simu ya bei mbaya ikilia mfukoni. Tathmini ya macho ina matatizo yake, ya mashine ina yake.

Sasa mama wa Butere. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema.

Mama mkwe wako si sehemu ya kaya yako mbele ya SHA. Kaya ni mchangiaji, mwenzi wake na watoto. Mzazi, awe wa kwako au wa mume, ni kaya yake mwenyewe na anasajiliwa peke yake. Kwa hiyo malipo yako ya 800, au 330, au hata ungelipa elfu kumi, hayangemfunika yeye siku moja. Wengi hugundua hili kwenye dirisha la malipo, mgonjwa akiwa tayari wodini.

Basi asajiliwe. Lakini usimsajili kwa simu ukiwa Kondele, ukijibu yale maswali ukiwa umeketi kwenye vigae vyako. Wala shemeji yako asimsajili akiwa Nairobi. Yule bibi anaishi kwake, kwa paa lake na jiko lake la mafiga. Asajiliwe Butere, ikiwezekana na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye ana simu ya kazi ya kufanyia mambo haya na atakayefika mlangoni akaona kwa macho. Mzee wa kijiji na naibu wa chifu wajue kwamba amesajiliwa na kwamba anaumwa. Majina ya wasiojiweza huthibitishwa huko chini, na mtu ambaye hajulikani na mzee wa kijiji hata mashine ikimpendekeza anaweza kuachwa. Barua ya chifu ni bure. Mkiombwa "ya chai", ulizeni kwa upole risiti mtaipata wapi.

Swali lingine: je, mama yumo kwenye Inua Jamii? Ana miaka 73, na mpango ule wa shilingi 2,000 kwa mwezi huchukua wazee kuanzia 70. Kuwa ndani yake si tiketi ya moja kwa moja ya kulipiwa bima, lakini ni kaya inayojulikana na serikali, na mzee asiyejulikana hulipiwa kwa nadra. Kama hayumo, hiyo nayo ni safari ya kwa chifu. Siku hiyohiyo, nauli ileile.

Asipopata kulipiwa, kwa nyumba yake nadhani atawekewa kiwango cha chini, 300 kwa mwezi, ambayo ni 3,600 kwa mwaka. Gawanyeni. Marehemu mume wako alikuwa na ndugu wangapi? Ng'ombe mliyemuuza angemlipia bima miaka mingapi? Sisemi hivyo kukukaripia. Nasema kwa sababu mchango wa harambee watu huutoa kwa moyo mgonjwa akiwa kitandani, ila kumchangia akiwa mzima anachuma mboga huonekana kama kumtakia mabaya. Mila hiyo imetugharimu mifugo mingi.

Tuje kwenye kisukari chenyewe. SHA ina mifuko mitatu, na watu wameushikilia mmoja tu, ule wa michango. Mfuko wa huduma za msingi haudai mchango. Unachotakiwa ni kuwa umesajiliwa, basi. Ukiwa umesajiliwa, matibabu ya kawaida kwenye zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na mfuko huo hata kama hujawahi kutoa shilingi. Kupimwa sukari, kupimwa presha, kusafishwa kidonda kabla hakijaoza, yote hayo ni kazi ya ngazi hizo. Mchango unaanza kuulizwa ngazi ya 4 na kwenda juu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, zahanati nyingi zimepandishwa daraja ubao ukiwa bado una jina la zamani, au ubao umebadilishwa watu hawakuona. Uliza mapokezi: hapa ni ngazi ya ngapi? Swali hilo moja linaweza kukuokolea pesa. La pili ni dawa. Nisikufiche, kuna siku mtaambiwa dawa hazipo mkanunue nje, na mfuko haurudishi hiyo pesa. Muulizeni mhudumu dawa huletwa lini na mwende wiki hiyo.

Watu wa Kisumu mna tabia yenu, nawajua. Kila kitu ni Russia. Hospitali ya Jaramogi ilijengwa kwa msaada wa Warusi ikafunguliwa 1969, na tangu hapo hata mafua watu wanataka yatibiwe pale. Ile ni ya rufaa. Ukienda moja kwa moja kwa sababu ya presha utakutana na foleni na bili ambayo mfuko wa huduma za msingi hauigusi. Anzieni chini, mpewe barua ya rufaa pakihitajika. Na kama bado umeweka ile kadi ya UHC, ya majaribio ya afya kwa wote ya Disemba 2018, Kisumu ilipokuwa moja ya kaunti nne zilizochaguliwa, itunze kama picha ya harusi. Hospitalini haifanyi kazi tena.

Ukiacha kulipa itakuwaje? Hutakamatwa kwa ajili hiyo, na zahanati haitakufukuza. Lakini ukilazwa ngazi ya 4 kwenda juu, bili ni yako. Mwanao akivunjika mguu, bili ni yako. Kujifungua kwa upasuaji, ambako bima hulipia 30,000, itakuwa yako pia. Kisha utaambiwa ulipe mwaka mzima palepale ndipo ufunikwe, siku ambayo huna hata ya nauli. Kwa hiyo sikushauri kususa. Pinga 800 kwanza, ila ukishapewa kiwango unachoweza kukimeza, lipa. Mtu hujikuna ajipatapo. Mwaka mzima kwa mkupuo ni mzigo kwa anayepata pesa kwa siku, na kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole ambao unalipiwa mwaka mzima, kisha wewe unarejesha kidogo kidogo. Ujue tu kwamba ule ni mkopo, na mkopo ni mkopo hata ukiitwa jina tamu. Mimi ningekushauri chama. Kama mko kumi na wawili kwenye mzunguko wa kina mama wa Kondele, kila mwezi badala ya sufuria mpya mmoja wenu alipiwe SHA ya mwaka. Disemba ikifika wote mmefunikwa.

Na ikitokea mama amelazwa tena kabla haya hayajakamilika? Siku ya kwanza, si ya mwisho, ulizia afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Kila hospitali kubwa ya umma ina mmoja au zaidi, kwa kawaida kwenye kachumba kadogo mbali na mapokezi. Mwambie hali yenu mapema. Atafungua faili, atamhoji mgonjwa, ataomba barua ya chifu, ataangalia kama amesajiliwa, na mgonjwa akikaribia kuruhusiwa jina lake litapelekwa kwenye kamati ya msamaha, weiva kama wanavyosema wodini. Mnaweza kusamehewa sehemu, mara chache yote. Siku hizi kamati zimekuwa ngumu, na sababu ninaijua: tangu sheria ya 2023 iliyoziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao, kila bili inayosamehewa ni glavu na dawa ambazo hospitali hiyohiyo haitanunua. Wanaokuja siku ya kuruhusiwa, jioni, wakilia, huwakuta watu waliokwisha kufunga hesabu. Waliokuja siku ya kwanza tayari wana faili.

Wasimzuie mgonjwa aliyepona kwa sababu ya deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, iliamua kwamba kumfungia mtu hospitalini kwa kushindwa kulipa ni kuvunja haki zake. Deni linabaki deni, mtaandikishana namna ya kulipa, lakini kitanda si gereza. Na ikiwa ni dharura, Ibara ya 43 ya Katiba inasema wazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Pesa iulizwe mgonjwa akiwa ameshashikwa mkono.

Kwa hiyo Jumatatu usiende Kondele mapema. Pitia Huduma Centre kwanza na hicho cheti cha kifo, halafu Jumamosi upande gari la Butere. Ukishapimwa upya niandikie wamekuwekea ngapi, na kama mafiga ya mama waliyaona.